Mzula wa baba, kofia za mtoto: uzi uliofumuliwa wodini

Alfajiri katika kijiji cha Nyakunguru, wilayani Tarime, dereva wa bodaboda aliyeacha kichwa wazi ni wa kuhesabu. Kijiji hiki ni kimoja kati ya vile vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, si mbali na Mto Mara, na abiria wa kwenda Nyamongo huanza kupiga simu kabla hakujapambazuka. Upepo wa pikipiki saa hizo hauna huruma. Kinachowaokoa wengi ni mzula, ile kofia ya kufuma ambayo ikilegea kwa nyuma watu huiita ya rasta.

Mama mmoja kijijini hapo, mwenye miaka 24, alikuwa anajipatia fedha ya mboga kwa kufuma mizula hiyo kwa kroshia. Wateja wake walikuwa haohao vijana wa bodaboda, akiwamo mumewe. Alipopata ujauzito wa kwanza, alinunua mabonge mawili ya uzi, moja rangi ya damu ya mzee na jingine rangi ya maziwa. Akamfumia mumewe mzula wa rangi hizo mbili. Uzi uliosalia akafumia mwingine mdogo wa mtindo uleule, uliolegea nyuma, ili baba na mtoto wavae sare.

Mama mkwe wake hakufurahi. Kwanza, mizula kwake ilikuwa kofia ya wahuni. Pili, na hili ndilo lililomuuma zaidi, kwa jinsi alivyolelewa yeye mtoto ambaye hajazaliwa haandaliwi nguo. "Unamwita kabla hajafika," alimwambia mkwewe. Mzula mdogo ukafichwa chini ya nguo sandukuni, na mjadala ukaishia hapo.

Wiki ya 33, uchungu ukaanza.

Gramu 1,700

Mtoto wa kike alizaliwa katika kituo cha afya usiku, akiwa na uzito wa kilo 1.7. Kwa kipimo cha wataalamu, mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ni njiti, na aliye chini ya kilo 2.5 ana uzito pungufu. Huyu alikuwa na yote mawili.

Wengi wanaposikia habari za njiti hufikiria mapafu na maziwa. Ni kweli, lakini kuna adui mwingine anayeingia kimyakimya: baridi. Mtoto mchanga anatoka tumboni akiwa ameloa, anaingia katika chumba ambacho kwake ni barafu hata kama mkunga anatokwa jasho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi joto 25. Joto la mwili wa mtoto mchanga linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, anatumia nguvu zake kidogo alizonazo kujipasha moto badala ya kunyonya na kukua. Sukari ya damu inashuka, anapumua kwa shida, anachoka.

Njiti yuko hatarini zaidi kwa sababu hajaweka mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Kwa mtu mzima, kichwa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ngozi yote. Kwa mtoto mchanga ni karibu moja ya tano. Kichwa hicho kikiachwa wazi, hasa kikiwa kibichi, joto linapotea kama mvuke wa chungu kisicho na kifuniko.

Kwa hiyo muuguzi alipouliza kama kuna kofia, bibi mtu aliona aibu kidogo. Aliyekataza maandalizi ndiye aliyetumwa nyumbani kwenda kufungua sanduku.

Kofia iliyofunika macho

Aliporudi na mzula mdogo, muuguzi aliupokea, akauvisha, kisha akauvua palepale. Ulikuwa mkubwa. Mara ya kwanza ulishuka hadi kwenye nyusi, mtoto alipojigeuza ukafika puani.

"Bibi, hii ni nzuri, lakini si ya leo," alisema. "Ikimfunika pua usiku, nani atajua?"

Hapo ndipo kofia ya mtoto inapotofautiana na ya baba. Mzula wa mtu mzima unapendeza kwa sababu umelegea. Kofia ya njiti inafaa kwa sababu imeshika: inafunika masikio, inaishia juu ya nyusi, haibani hadi kuacha alama, wala haivutiki kirahisi ikaziba pua na mdomo. Haitakiwi kuwa na kamba za kufunga kidevuni, vifungo, wala kile kishada cha uzi juu ambacho watu wengi hukiona kama urembo. Ndani pia ikaguliwe, kwa sababu nyuzi zinazoning'inia zinaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu.

Kwa usiku ule mtoto alifungwa kichwa kwa kofia ya akiba iliyokuwapo wodini, akalazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi, soksi na kofia tu. Mama akafungwa kitenge kumzunguka yeye na mtoto pamoja. Bibi mtu, ambaye maisha yake yote amebeba watoto mgongoni, aliuliza kwa nini mtoto dhaifu kiasi hicho hapelekwi kwenye mashine.

Jibu la muuguzi ni jambo ambalo kila mzazi anafaa kulijua. Huduma hiyo inaitwa kangaruu, na ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez walipokabiliwa na wodi iliyojaa njiti kuliko mashine. Mwanzoni ilionekana kama njia ya maskini. Leo sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulihusisha watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya 1.8. Walioanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 katika siku 28 za mwanzo, wakilinganishwa na waliosubiri hadi hali zao zitulie. Mwaka 2022 WHO ikatoa mwongozo kwamba njiti na watoto wenye uzito pungufu waanzishiwe mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa wale walio mahututi wasioweza kupumua wenyewe au walio katika mshtuko.

Mikono iliyobaki huru

Kangaruu ina faida moja ambayo haiandikwi sana: mtoto akishafungwa vizuri, mikono ya mama inabaki huru.

Siku ya tatu, mama huyo aliomba aletewe sindano yake ya kroshia. Uzi mwingine hakukuwa nao, na dukani ni mbali. Akaamua kufumua ule mzula mdogo. Aliyeshika kazi ya kufumua ni mama mkwe. Aliketi pembeni ya kitanda akivuta uzi taratibu na kuuzungusha kwenye vidole, rangi ya maziwa bonge lake, damu ya mzee bonge lake.

Huo ndio uungwana wa kroshia. Kitambaa kikikatwa kimekatwa, lakini kilichofumwa kinarudi kuwa uzi, na uzi unakubali kuanza upya.

Mzula wa mtu mzima huanza na mnyororo mdogo wa vitanzi vinne, unaounganishwa kuwa duara. Ndani ya duara hilo hupigwa mishono mirefu 12, mzunguko unaofuata 24, kisha 36, 48, ukiongeza 12 kila mara. Mishono 72 kwa uzi wa unene wa kawaida inatosha kichwa cha mtu mzima. Anayetaka kofia ilegee anaendelea hadi 84 au 96, anafuma mizunguko kadhaa bila kuongeza, kisha anapunguza hadi 72 na kumalizia ukingo wa kushika paji la uso. Ukingo huo ndio mara nyingi hupewa rangi ya pili. Siri ya kubadili rangi isiache kidoa ni kuuvuta uzi mpya katika hatua ya mwisho ya mshono wa mwisho wa rangi ya zamani, si baada ya kuumaliza.

Kwa mtoto, mama huyo hakuhesabu namna hiyo. Alichukua kipande cha uzi, akakizungusha taratibu kichwani mwa binti yake, juu ya nyusi na masikio. Sentimita 30. Akafuma mduara bapa hadi ukafika upana wa sentimita 9, akaacha kuongeza, akashuka wima mpaka kofia ikatosha kufunika masikio. Alitumia mishono mifupi badala ya mirefu ili matundu yasiwe makubwa, maana kofia yenye matundu kama kitambaa cha kochi inapitisha upepo.

Na hakufuma moja. Njiti anacheua maziwa, nepi inavuja. Kofia iliyoloa inavuta joto badala ya kulitunza, hivyo lazima iwepo ya kubadilisha. Uzi wa rangi mbili ukawa kofia mbili: moja ya damu ya mzee, moja ya maziwa. Moja ikiwa kichwani, nyingine imefuliwa na kuanikwa juani.

Zamu ya baba

Siku ya tano mama aliishiwa nguvu. Kulala chali nusu ukiwa na mtoto kifuani mchana na usiku si kazi ndogo kwa mwili uliotoka kujifungua. Muuguzi akamwambia mumewe avue shati.

Alisita. Alimtazama mama yake mzazi kama anayeomba ruhusa. Katika familia nyingi wilayani Tarime mwanamume anayebeba mtoto mchanga mbele za watu anajua atasemwa. Ni yule bibi, aliyekuwa haitaki mizula, aliyesema: "Kaa hapo. Kifua si cha mama peke yake." Akamfunga kitenge mwenyewe.

Kifua cha baba kinapasha joto vilevile, na cha bibi pia. Anayepokea zamu anatakiwa awe msafi, asiwe na kikohozi wala ugonjwa wa ngozi, na asivute sigara. Mtoto anarudi kwa mama kunyonya, na mama anapata saa mbili za usingizi ambazo zinasaidia hata maziwa.

Wiki ya tatu, mtoto akiwa ananyonya vizuri na uzito ukipanda kila siku, familia iliruhusiwa kurudi Nyakunguru na maelekezo ya kuendelea na kangaruu nyumbani hadi afikishe kilo 2.5, na kurudi kliniki kila walipopangiwa.

Kwa wazazi wanaosubiri mtoto

Andaeni kofia mbili ndogo zinazoshika, zifuliwe na kukaushwa kabla, ziwe kwenye begi la kujifungulia pamoja na soksi na vitenge vikavu. Anayeona mwiko kumshonea mtoto kabla hajazaliwa anaweza kuandaa vitenge vyake mwenyewe. Navyo vinatosha kuanzia.

Mtoto akizaliwa, akaushwe mara moja na kuwekwa kifuani. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kujua kama ana baridi, gusa nyayo zake na tumbo: nyayo zikiwa baridi, muongezee joto la kifua, tumbo nalo likiwa baridi, au akiwa mlegevu na hataki kunyonya, mrudishe kituoni bila kungoja asubuhi.

Kofia nayo ina mwisho wake. Mtoto aliyetimiza miezi, mwenye uzito mzuri, hahitaji kulala na kofia katika chumba chenye joto, kwa kuwa kuzidi joto nako ni hatari. Kwake kofia ni ya nje, wakati wa baridi na upepo.

Kofia zile mbili za Nyakunguru zilimbana mtoto kabla hajafikisha miezi mitatu. Zimefumuliwa tena. Mabonge mawili yako kwenye kikapu cha bibi, na safari hii ni yeye anayefundishwa kushika sindano. Bado anakosea kuhesabu, duara lake linakunjamana kama jani la mgomba juani, na mkwewe humwambia, "Fumua, mama, uzi haujaharibika."