Kamera Mbili na Jicho la Mama

Baba alipofariki tulitafuta picha yake ya kuweka ukutani, hatukuipata. Si kwamba hakuwahi kupigwa picha. Alipigwa, tena nyingi, lakini zote yuko katikati ya watu: nyuma ya bibi harusi, ubavuni mwa gari la mjomba, safu ya tatu kwenye kundi la wafanyakazi wenzake. Mwishowe dada akachukua ile ya harusi, akaipeleka studio, wakamkata baba kutoka kwenye safu yake na kumkuza. Mpaka leo ukutani kwetu Tanga kuna mtu mwenye uso wa ukungu, na begani kwake kuna vidole ambavyo fundi alishindwa kuvifuta. Wageni wanauliza, "Vidole hivi vya nani?" Hatujui.

Ndiyo maana nilipofanikiwa kuweka akiba ya milioni moja na laki mbili nilijiambia hii ni ya kamera, na kazi yake ya kwanza ni mama. Simu ninayo, na inapiga vizuri tu. Lakini picha za simu kwetu zinaishia kwenye simu; simu ikiibiwa Mbagala, ukoo mzima umeibiwa. Nilitaka kitu kitakachonilazimisha kukaa chini, kupiga kwa makusudi, na kwenda kusafisha picha ikawekwa kwenye fremu.

Kariakoo kuna jamaa anayeuza kamera za mtumba, tumezoeana. Akaniwekea mbili mezani. Bei zake hazikupishana sana, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana kama moja ingekuwa ghali mfuko ungeamua.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, unaitia mfukoni, yenye zumu ya mara 40. Lenzi yake haitoki. Imejengewa humo humo, ukiwasha inachomoza kama shingo ya kobe. Inaanzia milimita 24, ambapo unaingiza sebule nzima, mpaka 960, ambapo unasoma namba ya ngalawa iliyo mbali baharini. Ya pili ilikuwa Sony a6000, ya mwaka 2014, katika zile kamera zisizo na kioo. Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani, kinachopeleka picha kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, klak, ndipo mwanga unapita. Hizi mpya wamekitoa kile kioo. Mwanga unafika moja kwa moja kwenye kihisi, yaani kile kibao kinachoupokea, na wewe unaangalia kwenye skrini. Ndiyo maana zimekuwa nyepesi. Na lenzi zake unafungua, unabadilisha.

Tofauti kubwa iko kwenye hicho kihisi. Cha ile ya zumu ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, kidogo kuliko punje ya hindi. Cha ile nyingine ni 23.5 kwa 15.6. Piga hesabu: eneo linazidi mara 13. Kihisi ni kama ndoo uani wakati wa mvua: ikinyesha ya kutosha, hata kikombe kitajaa, ikiwa manyunyu, mwenye beseni ndiye atakayepika. Mchana kweupe kamera zote mbili ni nzuri. Jioni, ndani ya nyumba, zinaachana.

Sasa, kwa nini nilikuwa naelekea kwenye ile ya zumu? Kwa sababu ya mama mwenyewe.

Mama hapendi kamera. Akiiona tu anavuta kanga, anakaza shingo, anaweka uso wa kitambulisho. Yule mama anayecheka mpaka machozi akisimulia mambo ya bibi yake, kamera haijawahi kumwona. Nikawaza, nikiwa na zumu nitakaa mbali kule uani chini ya mpera, nitamvuta polepole, nimpate alivyo. Hatajua. Jamaa wa Kariakoo akakubali niondoke na ile ya zumu kwa wikiendi moja, nikamwachia amana. Ile isiyo na kioo niliazima kwa rafiki yangu anayepiga harusi. Yeye alikuwa na a6000 hiyo hiyo, pamoja na lenzi ya milimita 50 isiyo na zumu kabisa. "Zumu yake ni miguu yako," akaniambia.

Nikafika Tanga Ijumaa jioni. Jumamosi baada ya alasiri mama akakaa pale anapokaa siku zote, kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, akisuka ukili. Nikaenda chini ya mpera, kama hatua kumi na tano hivi, nikajifanya nashughulika na simu. Nikavuta zumu.

Nataka kusema ukweli kuhusu kitu kile: kinashangaza. Mtu yuko ng'ambo ya ua, halafu ghafla mikono yake imekujaa kwenye skrini, unaona mpaka kovu la kisu la mwaka ule. Nilipiga kama picha thelathini. Ndipo nikaona jambo ambalo sikulitafuta.

Mama alikuwa hauangalii ukili. Alikuwa anaupapasa. Akitaka kuongeza ukindu mpya anautafuta kwa vidole chini, anaupitisha mdomoni kuupima upana, halafu anageuza kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje, na kuuleta karibu na jicho la kulia. Mara mbili nilimwona akikosea, akafumua, akaanza tena. Alikuwa peke yake, kwa hiyo hakuwa na haja ya kujificha.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu mama aache kutia rangi kwenye mikeka yake. Tulipomuuliza alisema rangi zimemchosha, siku hizi watu wanapenda nyeupe. Tukaamini. Dada hata alimsifia.

Usiku nikazitazama zile picha kitandani. Kwa ufundi zilikuwa mbovu. Zumu inapofika mwisho, tundu la lenzi linabaki f/6.9 badala ya f/3.3 ya mwanzo, yaani mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara nne. Na pale mlangoni mwanga wenyewe ulikuwa wa kuokoteza. Kamera ikajitahidi, ikaongeza nguvu, zikatoka chenga. Uso wa mama ukawa kama umechorwa kwa rangi za maji. Nilicheka kidogo: nimeenda Kariakoo, nimerudi na ukungu ule ule wa baba. Lakini si chenga zilizoninyima usingizi. Nilijisikia kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. Alichokificha kwa miaka miwili nilikipata kwa kukaa kwenye mpera na kubonyeza.

Asubuhi nikachukua ile nyingine. Kwa lenzi ya 50, ukitaka uso na mikono ya mtu viingie pamoja, lazima uwe kama hatua mbili kutoka alipo. Hatua mbili ni mahali pa mazungumzo. Huwezi kukaa hapo bila kusema neno.

"Mama, nataka kukupiga picha."

"Mimi? Na uzee huu? Ngoja nivae."

Akaenda kuvaa. Akarudi na kanga mpya, akakaa, akaweka uso wa kitambulisho. Nikapiga mbili za heshima. Halafu nikaiweka kamera mapajani, nikachukua ukindu, nikaanza kumsaidia kuchagua. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema, "Mama, jicho la kushoto linaona?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Nani kakwambia?"

Nikamwambia kweli yote: mpera, zumu, picha thelathini. Nilidhani atakasirika, na alikasirika. "Sasa mwanangu unanichungulia mimi kama mwizi? Ungekuja ukaniuliza." Nikamwambia, ningekuuliza ungesema unaona. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni kweli, ningesema naona." Akacheka. Na alipocheka, kamera ilikuwa mapajani, nikainyanyua. Tundu la lenzi ile linafunguka mpaka f/1.8, ukilinganisha na f/6.9, ni mwanga zaidi ya mara 14. Kwa hiyo giza la ukumbi halikuwa kitu. Ametoka akiwa ananitazama mimi, amekasirika na anacheka kwa pamoja, na nyuzi za ukindu zinaonekana moja moja.

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani ya jicho ilikuwa imeingia ukungu; wanaitoa, wanaweka nyingine ya kutengenezwa. Nilipomsikia daktari akieleza nilikaribia kucheka, maana wiki nzima nilikuwa nasikia habari za lenzi zinazobadilishwa na zisizobadilishwa.

Basi nilinunua ipi? Nilinunua ile isiyo na kioo, na lenzi ya 50 ya mtumba nikaimalizia miezi mitatu baadaye. Lakini sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba ile ya zumu ilishindwa. Ndiyo iliyoliona jicho. Kama unaishi kwa kutazama ndege wa Selous au ngalawa za mashindano, inunue tu, tena mchana haitakuangusha. Kufikia urefu ule kwa kamera ya lenzi za kubadilisha utabeba mzigo na deni. Nilichojifunza ni kwamba unapochagua kamera unachagua pia mahali pa kusimama. Moja inakuruhusu kukaa mbali na kujua. Nyingine inakulazimisha kupiga hodi, na mwenye nyumba ana haki ya kukataa. Kwa ndege sioni tatizo. Kwa mama yangu, nilitaka awe na haki hiyo.

Roland Barthes, kwenye kitabu chake La Chambre claire cha mwaka 1980, anaizungumzia sana picha ya mama yake akiwa na miaka mitano, lakini picha yenyewe haionyeshi. Anasema nasi kuihusu, halafu anabaki nayo. Zile thelathini za mpera nami sijamwonyesha mtu. Dada aliziomba, nikamwambia zilitoka vibaya, na si uongo.

Ile ya ukumbini ndiyo iko ukutani, kando ya baba na vidole vyake. Siku mama alipotolewa bandeji na kurudi nyumbani, kitu cha kwanza alisimama mbele yake, akaitazama kwa muda, akasogea, akarudi nyuma.

"Kumbe nimezeeka hivi," akasema, "na nyie wote mlikuwa mmenyamaza?"

Mkeka anaousuka sasa una nyekundu na zambarau.