Maji Mawili ya Ghuba ya Bengali

Ami,

Nakuandikia kutoka kaskazini ya Ghuba ya Bengali, siku ya tatu tangu tuiache Chennai. Ni Oktoba, kwenu Pangani kusi limeshakatika. Mvua za huku nazo zimekwisha, ila maji yake hayajaondoka: yamelala juu ya bahari.

Asubuhi tulishusha tenga la chuma lililozungukwa na chupa, kila moja hujifunga kwenye kina chake. Maji ya juu yalikutwa na gramu 30 za chumvi kwa kilo. Ya mita 50, gramu 34. Nikayaonja yote kwa siri. Ya juu yamepooza kama mchuzi wa mgonjwa. Ya chini yanauma ulimi. Lakini kilichonishangaza ni chupa yenyewe. Niliipokea ile ya chini nikitarajia ubaridi, wapi! Joto lake sawasawa na la juu, nyuzi 29.

Wakubwa wa maabara wanasema wakosaji ni Ganges, Brahmaputra na Irrawaddy, pamoja na mvua yenyewe. Na upepo unaoileta ni kusi letu lile lile, likivuka Ikweta na kupinda kuelekea Uhindi. Maji matamu ni mepesi, hivyo huelea. Mawimbi huishia kukoroga tabaka hilo jembamba, na baridi ya vilindini haipandi. Kwingine tufani hujivutia maji baridi kutoka chini na kujipunguzia nguvu. Hapa huyapata kwa shida. Sisemi chumvi ndiyo iliyoua watu zaidi ya 300,000 katika tufani ya Bhola, Novemba 1970. Waliuawa na bahari iliyopanda juu ya nchi tambarare. Lakini joto hili ndilo chakula cha tufani.

Ng'ambo ya pili ya Uhindi, kwenye bahari ya Arabuni aliyokuwa akipita babu kwenda Muscat, chumvi huzidi gramu 36. Jua na upepo mkavu hunywa maji mengi kuliko mvua inavyorudisha.

Unakumbuka ulivyonionyesha mlangoni mwa mto, maji ya kahawia yakipita juu na ya bahari yakiingia chini yake? Nilidhani ni mambo ya Pangani tu. Hapa nchi kavu haionekani popote, na ndiyo yale yale.

Msalimie mama mdogo. Zamu yangu ni saa kumi alfajiri, tenga linashuka tena.

Mwanao