Mjomba anataka kukatwa kilimi

Wasomaji wangu, leo naomba tuongee habari za kukoroma. Msicheke. Wengi wenu mnakoroma, na msiokoroma mnalala na anayekoroma.

Mjomba wangu wa Kirongwe, kule Mafia, amesikia kwamba Dar kuna madaktari wanaopasua koo na mkoromo ukaisha. Anataka aje. Ukoo umeanza kuchanga, na mimi, kwa kuwa ni mwandishi wa habari (kwa imani yao mwandishi anajua kila kitu), nimepewa kazi ya kuulizia bei. Nikasoma, nikawasumbua madaktari wawili wa masikio, pua na koo ninaofahamiana nao. Bei nimeiweka pembeni kwanza.

"Mjomba, kwani si wanakata kilimi tu?" aliniuliza kwenye simu.

Swali hilo lina historia. Kukata kilimi, au kimio, ni mila ya siku nyingi Tanzania. Mtoto akikohoa sana anapelekwa kwa fundi, kile kinyama kinachoning'inia kooni kinaondolewa. Mwaka 1984 mila hiyo iliandikwa kwenye jarida la kitabibu, na miaka mingi baadaye watafiti wa Muhimbili wakawa bado wanaandika juu ya watoto waliofikishwa idara ya dharura wakiwa wametoka damu nyingi au wameshambuliwa na vijidudu. Wengine walikufa. Kwa hiyo fundi tumtoe kwenye mazungumzo kabisa.

Hospitali ni jambo jingine, lakini nako kuna mambo. Tukilala misuli ya koo hulegea, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na nyama laini zinapigwapigwa na upepo kama tanga lililolegezwa. Ndiyo hiyo sauti. Sasa njia imebana wapi? Kwa watoto mara nyingi ni mafindofindo na nyama za puani. Zikitolewa, wengi hupata nafuu kubwa. Mwenye ukuta wa pua uliopinda anaweza kunyooshewa akapumua vizuri, na bado akaendelea kukoroma usiku kama kawaida!

Kwa mtu mzima upasuaji unaosifika ni ule wa kaakaa laini. Mjapani Ikematsu alianza kuupasulia mkoromo katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1981 Fujita, akiwa Marekani, akautangaza kwa watu wanaokatika pumzi usingizini. Kilimi kinaondolewa, kaakaa linapunguzwa, mafindofindo kama yapo yanatolewa, panashonwa. Kumeza mate ni adhabu kwa wiki mbili hivi. Kuna wanaobaki na tatizo la maji kupandia puani. Na kuna ambao mkoromo hurudi baada ya miaka, kama mgeni aliyesahau kofia. Mwaka 1990 Mfaransa Kamami akaleta mionzi ya leza, kisha ikaja njia ya kuchoma kaakaa kidogo kidogo kwa joto ili likakamae. Maumivu ni pungufu, na kwa wengi nafuu haidumu. Wapo wanaosogezewa taya mbele, na tangu 2014 Marekani wameruhusu kifaa kinachopandikizwa kifuani kuuamsha mshipa wa ulimi. Hicho mjomba asikisikie, atauza minazi yote.

Hapa ndipo daktari mmoja aliponikatiza: "Huyo mjomba wako anakoroma tu, au pumzi inakatika?"

Nikampigia mkewe. Baada ya shikamoo na habari za huko, akanieleza taratibu. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haitoki. Yeye anahesabu gizani. Safari nyingine anafika ishirini na zaidi ndipo mumewe anaposhtuka kama mtu aliyekabwa. Hivyo mpaka alfajiri. Mchana mjomba anasinzia barazani kahawa ikiwa mkononi. Presha anayo. Na kazi yake, wasomaji wangu, ni kuendesha kirikuu cha nazi kutoka Kirongwe hadi Kilindoni.

Daktari akasema huo ndio ugonjwa. Mkoromo ni king'ora chake tu. Upasuaji wa kaakaa unaweza kukizima king'ora na pumzi ikaendelea kukatika vilevile. Fikirieni: mke analala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akiamini mumewe amepona, na hakuna tena anayehesabu. Isitoshe, mtu wa namna hii dawa ya nusukaputi ina hatari zaidi kwake, kwa hiyo mtoa usingizi lazima aambiwe mapema.

Kinachojaribiwa kwanza ni mashine ya kusukuma hewa puani kwa kinyago. Ilitangazwa na Sullivan wa Australia mwaka uleule wa 1981, na koo haliguswi. Inafanya kazi, ila uivae kila usiku, na umeme uwepo. Kupunguza kitambi kunasaidia, kulala ubavu pia. Pombe mjomba hanywi, ila wali wa nazi hana mzaha nao.

Basi nimewaomba wasisimamishe mchango, ila fedha za kwanza ziwe za kupima usingizi. Mkewe amerekodi usiku mmoja kwa simu. Niliisikiliza sauti ile peke yangu, na pale kimya kilipoingia nikajikuta na mimi nimebana pumzi. Wiki ijayo mjomba anapelekwa hospitali ya wilaya Kilindoni, presha iangaliwe na aandikiwe barua ya kuja Dar.

La gari ndilo limekuwa zito. Nilimwomba ampe mwanawe usukani mpaka vipimo vitoke. Akacheka. "Yule mtoto? Atazimwaga nazi zangu zote njiani." Mkewe alichukua simu akaniambia nisijali, ufunguo ameuficha.