Vidonge vya Jua

Mji wetu wa Gisenyi uko kando ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kutoka kwetu hadi Goma ni kuvuka mpaka tu. Mimi nimezaliwa hapa. Habari ninayotaka kuwaeleza ni ya ukoo wangu, lakini nadhani ina faida kwa kila mwanafunzi, maana yahusu namna ya kupima neno lisemwalo kwa jina la elimu.

Ilikuwa mwezi wa Julai 2021. Ugonjwa wa korona ulikuwa umepamba moto, na tarehe 17 ya mwezi huo Serikali iliufunga mji wa Kigali pamoja na wilaya nane, na Rubavu ilikuwa mojawapo. Siku hizo mjomba wangu, mvuvi wa sambaza, alishikwa na homa na kikohozi. Kazi yake ni ya usiku. Huvua kwa taa, na asubuhi hulala. Siku ya sita akaanza kuhema kama mtu apandaye mlima, naye yu kitandani.

Nyumbani tulikuwa na akiba kidogo ya fedha. Akaja mtu mmoja, mchuuzi wa dawa asiye na duka, na chupa ya vidonge vya vitamini D. Akasema, "Wanaozidiwa na korona ni wale walio na vitamini hii kidogo katika damu. Ninyi mna mvuvi wa usiku, haoni jua. Mpeni hivi, wala msimpeleke hospitali." Bei yake ilitosha kuimaliza akiba yote. Wazee wakakaa shauri. Wengine waliiogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe, kwa kuwa waliokwenda huko hawakuruhusiwa kutazamwa na jamaa zao. Mwisho bibi yangu akasema, "Vidonge vitangoja hata kesho. Pumzi haingoji." Basi tukapiga simu, likaja gari la wagonjwa. Mjomba akapewa hewa ya oksijeni na dawa iitwayo deksamethasoni, na baada ya siku kumi na moja akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Jambo lililonisumbua baadaye ni hili: yule mchuuzi hakusema uongo juu ya damu. Katika nchi nyingi madaktari waliona kweli kwamba wagonjwa waliozidiwa walikuwa na vitamini D kidogo. Kosa lilikuwa wapi?

Kwanza tuijue vitamini yenyewe. Mwili huweza kuitengeneza. Jua likipiga ngozi, hugeuza mafuta fulani yaliyomo humo. Kisha ini huyabadili, na figo humalizia kazi. Faida yake kubwa ni kuuwezesha mwili kupata kalsiamu ya kujengea mifupa, tena huwasaidia wale askari wa mwili wapiganao na vijidudu.

Sasa fikirini mambo ya tarehe 22 Mei mwaka ule ule, mlima Nyiragongo ulipotapika moto. Maelfu ya watu wa Goma walikimbilia kwetu, wengi wamejitwika magodoro. Palipokuwa na magodoro mengi ndipo palipokuwa na hofu nyingi. Lakini nani angesema kwamba magodoro ndiyo yaliyouwasha mlima? Vivyo hivyo na vitamini hii. Mzee sana, mtu mnene kupita kiasi, na mgonjwa wa siku nyingi asiyetoka nje, mara nyingi huwa nayo kidogo. Na hao hao ndio walioshindwa zaidi na korona. Isitoshe, ugonjwa mkali wenyewe huipunguza katika damu. Vitu viwili vikifuatana njiani, si lazima kimoja kiwe baba wa mwingine.

Njia ya kuujua ukweli ni kupiga kura: wagonjwa hugawanywa kwa bahati tu, hawa wapewe dawa, wale wasipewe, kisha mwisho wao hulinganishwa. Katika mwaka 2020, huko Córdoba, Hispania, walijaribiwa wagonjwa 76. Kati ya 50 waliopewa namna ya vitamini hii, mmoja tu alihitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Kati ya 26 wasiopewa, 13. Habari hiyo ilienea upesi. Lakini watu walikuwa wachache, na mafungu yale mawili hayakulingana vizuri kwa afya tangu mwanzo. Kisha wakaja wa São Paulo, Brazili, kwa wagonjwa 240, habari zao zikatolewa mwaka 2021: dozi moja kubwa haikupunguza siku za kulala hospitali. Mwaka 2022 zikatolewa habari za Uingereza, watu zaidi ya 6,000: kuwapima damu na kuwapa vitamini waliopungukiwa hakukuzuia maradhi ya kifua wala korona. Bali deksamethasoni ilipopimwa kwa kura huko Uingereza mwaka 2020, ilipunguza vifo vya waliokuwa wakipumuliwa na mashine kwa karibu theluthi, na vya waliokuwa wakipewa oksijeni kwa karibu sehemu moja ya tano.

Hata hivyo, msidhani kwamba vitamini D haina maana. Mwaka 1997 zilitolewa habari za Addis Ababa, Ethiopia. Watoto 500 wenye nimonia walilinganishwa na 500 wasio nayo. Wenye ugonjwa wa mifupa laini, ule upindao miguu, walikuwa 210 katika fungu la kwanza, na 20 tu katika la pili. Huku nako ni kulinganisha, si kura. Lakini sababu ni rahisi kufahamika, maana mbavu laini haziwezi kukifungua kifua kama ipasavyo. Na mji ule una jua jingi! Mtoto mchanga aliyevikwa gubigubi na kuwekwa ndani, jua la nje litamfaa nini?

Walio nje hawana shida hiyo sana. Madaktari wengi huhesabu upungufu kuwa chini ya kipimo cha 50. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walipopimwa, habari zikatolewa mwaka 2012, wastani wao ulikuwa 115. Na kati ya watoto 4,509 wa nchi tano za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, walio chini ya 50 walikuwa kama wanane katika kila mia. Damu ya mjomba hakuna aliyeipima, wala mchuuzi hakuuliza kwamba kila alasiri huketi ufukoni kutengeneza nyavu zake juani.

Basi, ndugu zangu, mawingu yakiondoka Gisenyi tokeni nje, na wadogo zenu wachanga watoeni pia. Jua halina bei. Aliyepimwa akaonekana amepungukiwa, na anywe vidonge kama alivyoagizwa na daktari. Lakini mtu akiishiwa pumzi, mpelekeni hospitali siku ile ile. Na mkiambiwa dawa fulani yaponya, ulizeni kwa adabu: ilipimwa kwa kura, na kwa watu wangapi?