Korongo lililoturudisha nyumbani

Wazazi wengi tukisikia Serengeti tunawaza hoteli na viingilio. Sisi wa Morotonga, hapa Mugumu, tuna njia za vumbi zinazoanzia karibu na milango yetu.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne tuliwapakia watoto kwenye gari la foo-wili, tukaelekea upande wa Fort Ikoma, mahali palipopata jina kutokana na ngome ya Wajerumani. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa ameisubiri safari hiyo wiki nzima. Tuliacha barabara ya changarawe, tukafuata njia ya ng'ombe.

Mwanzo ilikuwa raha. Kisha tukaingia kwenye udongo mweusi wa mbugani. Ukikauka ni mgumu kama sakafu; ukilowa unaziba kashata za tairi, nalo linateleza kama kipara. Foo-wili haisaidii sana hapo.

Mbele tukakuta korongo lina maji ya rangi ya chai. Kwetu hapakuwa na hata wingu. Ng'ambo ya pili ilikuwa karibu, nami nilijua gari langu lina nguvu.

Mzee mmoja alikuwa anachunga ng'ombe. "Shikamoo, babu. Panapitika?"

"Marahaba, mwanangu. Huko juu imenyesha." Akachovya fimbo yake pembeni tu, maji yakafika usawa wa goti.

"Baba, si tupite tu?" binti akauliza.

Nikageuza gari. Alilia. Tulikaa juu ya kilima tukala viazi vitamu, na kabla hatujamaliza, maji yakapita yamebeba gogo zima. Kilio kikaisha chenyewe.

Mzazi mwenzangu, maji yanayokwenda kasi, yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kusukuma gari dogo. Sentimita 60 hubeba hata gari kubwa. Kwa hiyo uliza wenyeji kabla ya kutoka, beba koleo, kamba na maji ya kunywa, mwambie jirani njia unayopita, na watoto wafunge mikanda. Zaidi ya yote, waambie mapema kwamba kurudi nyuma pia ni sehemu ya safari.

Mwezi wa saba tulirudi. Korongo lilikuwa kavu. Binti alishuka akavuka kwa miguu, akihesabu hatua. Zilikuwa kumi na mbili tu.