Bolti za Railay

Railay, mkoani Krabi, kusini mwa Thailand, ni rasi isiyofikika kwa gari. Majabali ya mawe ya chokaa yameitenga na bara, na kila mgeni hufika kwa mashua. Nilikwenda kwa ajili ya bahari. Nikajikuta naparamia majabali.

Mpandaji wa huko hutegemea bolti zilizokazwa mwambani. Hupitisha kamba yake kwenye moja baada ya nyingine, na akiteleza, uhai wake unaning'inia kwenye kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Upandaji ulianza kushamiri hapo mwishoni mwa miaka ya 1980, na bolti zilizotumika zilikuwa za chuma kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu. Chumvi ya bahari, joto na unyevu vikakitafuna. Baadhi ya bolti zilikatika baada ya miaka michache tu, kwa kuwa ufa hujificha ndani: kichwa kinang'aa, shina limekwisha.

Nilipomwonyesha kijana aliyenishikia kamba njia yenye bolti zinazometameta, alitikisa kichwa. Akanielekeza kwenye njia ya bolti za kijivu, zilizofifia. Hizo ni za titani, madini yanayostahimili bahari, nazo hugandishwa mwambani kwa gundi. Ni ghali, na wengi wanaozibadilisha ni watu wa kujitolea wanaotegemea michango.

Kwa desturi ya wapandaji, anayefungua njia ndiye anayeipa jina. Anayerudi miaka ishirini baadaye kung'oa bolti mbovu hapati heshima hiyo, ingawa ndiye anayetulinda sisi tunaopanda leo.

Sisi nasi tuna desturi hiyo. Jiwe la msingi huchorwa jina la mgeni rasmi. Fundi anayebadilisha vali ya pampu ya kisima hatajwi popote. Bajeti inapobana, fungu la matengenezo ndilo hukatwa kwanza, kwa sababu halina sherehe. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo tuongeze: na kuna anayeviziba vinapovuja.

Lakini Railay pia inatuonya. Usalama wa umma unaotegemea hisani hudumu kadiri ya hisani yenyewe. Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, kabla ya utepe kukatwa, uliza swali moja na majibu yake yaandikwe: mwaka wa kumi, nani atalipa, na nani atashika spana?