Mto Ule Ule

Ukitaka kuijua Iringa usiipige picha mara moja. Machi kila kitu kijani, na jiwe la Gangilonga linang'aa kwa mvua. Juni kipupwe kinaingia, ukungu unafunika bonde la Ruaha Mdogo, vidole vinakufa ganzi kabla hujabonyeza kamera. Septemba nchi imekauka kabisa, lakini miombo inachipua majani mekundu bila kungoja tone la mvua. Mgeni atadhani majani yanakufa, kama ya Ulaya. Kumbe ndiyo kwanza yanazaliwa!

Picha inayoninyima usingizi ni ya Ruaha Mkuu, ndani ya hifadhi, mwezi Oktoba. Maji hakuna. Ni mchanga tu, na mashimo ya tembo waliochimba kutafuta kinywaji. Mto huu ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Kule juu Usangu, maji yake yanachepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga.

Nilimwonyesha mzee mmoja picha ile. "Kijana, umepiga picha mchanga?"

"Hapana mzee, nimepiga mto."

Akacheka, halafu akanyamaza.

Mchele wa Usangu nami naula, tena mtamu. Basi mkulima simnyoshei kidole. Naye ana watoto shuleni. Ninachofanya ni kurudi pale pale, Machi na Oktoba, na kubandika picha mbili ukutani. Atakayesema mto ulikuwa hivi siku zote, aje azitazame.